Sikio, mkono na mawese: dawa ya kupaka kwa majeruhi wa moto anayeingia kwenye chemba ya oksijeni

Mgonjwa huyu alifikishwa kwetu, kwenye kitengo cha chemba ya oksijeni (chombo kilichofungwa ambamo mgonjwa huvuta oksijeni kwa shinikizo kubwa) ninakofanya kazi ya uuguzi, usiku wa kuamkia Jumatano, Februari 17, 2021, wiki ile Texas ilipoganda. Umeme ulikuwa umekatika kwenye nyumba zaidi ya milioni 4, mabomba yamepasuka kwa barafu, na watu waliozoea jiko la mkaa tangu utotoni wakaliingiza ndani ili wasife kwa baridi. Zaidi ya watu 1,400 walifika hospitalini jimboni humo siku zile kwa sababu ya kuvuta gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Mgonjwa wetu alikuwa mmoja wao. Nitamwita Baba, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita kitandani. Ni Mkongo wa Uvira, umri wa miaka arobaini na kitu. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Mkaa ulikuwa umekataa kushika. Akamimina mafuta ya kuwashia juu yake bila kujua kwamba chini ulishaanza kuwaka. Moto ukamrukia, ukamchoma upande wa kulia wa uso, sikio zima la kulia, na mkono kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Eneo lililoungua lilikadiriwa kuwa asilimia 9 ya mwili. Mkewe alimpa huduma ya kwanza aliyoijua, akawapeleka watoto kwa jirani, na Baba akabaki peke yake chumbani na jiko, mlango umefungwa ili joto lisitoke. Mama aliporudi alimkuta sakafuni, haamki.

Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili kwa pamoja, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuandikwa. Asilimia 27 ya himoglobini yake, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa imekamatwa na kaboni monoksaidi. Mtu akivuta hewa ya kawaida, kiwango hicho hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi sita. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, ni kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Akiwa ndani ya chemba kwa shinikizo la angahewa 3, yaani mara tatu ya shinikizo la hewa ya kawaida, ni dakika 20 na kitu. Alikuwa amezimia, na hiyo peke yake ilitosha kumpa nafasi kwenye chemba. Utafiti wa Weaver na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba vipindi vitatu ndani ya saa 24 vilipunguza matatizo ya kumbukumbu na umakini wiki sita baadaye: asilimia 25 ya waliotibiwa kwenye chemba walikuwa nayo, dhidi ya asilimia 46 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Huo ndio mpango tulioufuata.

Chemba yetu ni ya mtu mmoja. Ni silinda ya akriliki unayomwona mgonjwa ndani yake kama aliyelala ndani ya chupa, na yote hujazwa oksijeni tupu. Hili lishike vizuri, kwa sababu maamuzi yote yanaanzia hapo. Ziko chemba kubwa za watu wengi ambazo hujazwa hewa ya kawaida, wagonjwa wakavuta oksijeni kwa kofia au barakoa, na kiwango cha oksijeni humo hakiruhusiwi kupita asilimia 23.5. Kitu kinachovumiliwa kwenye chemba kubwa kinaweza kukataliwa kwenye ya kwetu, na waliokikataa wakawa hawajakosea.

Wodi ya majeraha ya moto ilimleta akiwa na dawa tatu za kupaka za kuzuia bakteria mwilini. Usoni alipakwa marhamu ya basitrasini. Kwenye mkono, silva salfadiazini, ile krimu nyeupe ambayo karibu kila muuguzi wa Afrika Mashariki ameishika. Sikioni, mafenaidi, ambayo wengi wetu tuliosomea nyumbani hatukuwahi kuiona mpaka tulipofika Marekani. Karatasi ya makabidhiano ilisema: "Mkono na sikio: krimu za maji. Uso: marhamu, iondolewe." Fundi wa chemba akaweka alama ya vema pale fomu ilipouliza kama vitu vyote vya mafuta vimeondolewa au vitaondolewa. Kwa mujibu wa fomu, tulikuwa tayari.

Tatizo ni kwamba fomu yetu iliuliza swali moja tu: kitu hiki kinaweza kulisha moto? Ni swali la lazima. Oksijeni ikiwa tupu na shinikizo likipanda, cheche ndogo ambayo nje isingefanya lolote inatosha kuwasha, na kinachoshika moto huisha kwa sekunde. Vaseline na marhamu zilizotengenezwa kwa mafuta ya mgando hulowesha nyuzi za shashi na kuzigeuza utambi. Pombe, iodini iliyoyeyushwa kwenye pombe, mafuta ya nywele, dawa za midomo, nailoni, sufi, vyote hubaki nje. Milan, Oktoba 31, 1997, watu 11 walifia ndani ya chemba, na chanzo kilichotajwa ni kijoto cha mkononi, kifaa kidogo cha kupasha mikono joto, ambacho mgonjwa aliingia nacho. Wiki ile ya barafu kila mtu Texas alikuwa na vijoto vya namna hiyo mifukoni. Tulimvua Baba nguo zote, tukamvalisha gauni la pamba tupu, na bado nilipapasa shuka lake mara mbili.

Lakini liko swali la pili ambalo halina uhusiano na moto: dawa hii ikikutana na oksijeni nyingi hivi mwilini, inafanya nini? Hapo ndipo mafenaidi inapoanguka, ingawa swali la kwanza imelipita bila shida yoyote. Ni krimu ya maji. Haiwaki. Na haifai.

Mafenaidi ina heshima yake na sitaki aonekane mtu aliyeipaka kama mzembe. Wajerumani waliitumia kwenye vidonda wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na miaka ya 1960 kituo cha majeraha ya moto cha jeshi la Marekani, Fort Sam Houston, San Antonio, kiliipaka kwa waliokuwa wakifa kwa bakteria kuzaana chini ya gamba la jeraha, na vifo vikapungua. Nguvu yake ni kupenya. Hupita gamba nene, hufika hadi kwenye gegedu, ile tishu inayonyumbulika inayolipa sikio umbo lake. Sikio ni gegedu iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba isiyo na mafuta chini yake. Likiungua, damu haifiki vizuri, bakteria wakiingia gegedu huoza na sikio hukunjamana kama jani kavu. Daktari wa wodi alipochagua mafenaidi kwa sikio alichagua kama kitabu kinavyosema. Hakuwa anafikiria chemba.

Ubaya wake unatoka kwenye tabia nyingine: huzuia kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi. Kimeng'enya hicho kimo ndani ya chembe nyekundu, na kazi yake ni kuigeuza haraka kabonidayoksaidi inayotoka kwenye tishu iwe katika umbo ambalo damu inaweza kulibeba hadi mapafuni. Kwa mtu wa kawaida mwenye jeraha dogo, kuzuiwa kidogo hakuleti shida. Akipakwa mwili mzima, asidi huzidi kwenye damu na anaanza kuhema haraka haraka. Wauguzi wa wodi za moto wanaijua sura hiyo.

Sasa mwingize kwenye chemba. Ukivuta hewa ya kawaida, mililita 100 za damu hubeba mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu yenyewe. Kwa angahewa 3 za oksijeni tupu, kiasi hicho hufika karibu mililita 6, na tishu iliyopumzika inaweza kuishi kwa hiyo bila kuigusa himoglobini. Linasikika kama jambo la heri tupu. Ila himoglobini ambayo haijashusha oksijeni hubeba kabonidayoksaidi kwa shida. Mzigo mmoja ukikaa, mwingine hukosa nafasi. Kwa hiyo ndani ya chemba njia moja ya kuondoa kabonidayoksaidi tayari imebanwa, na mafenaidi inakuja kuibana ya pili. Gesi hurundikana kwenye tishu, na ikirundikana, mishipa midogo hutanuka.

Kutanuka huko kuna hasara mbili. Kwenye jeraha, faida mojawapo ya chemba ni kwamba oksijeni nyingi hubana mishipa, uvimbe ukapungua, huku tishu ikishiba kwa ile oksijeni iliyoyeyuka. Mishipa ikitanuliwa, faida hiyo imefutwa, na imefutwa palepale ulipopaka. Hasara ya pili ni ya ubongo. Oksijeni ya shinikizo ikizidi kwenye ubongo huleta degedege, na mwili hujikinga kwa kubana mishipa ya kichwani. Kabonidayoksaidi ikipanda kinga hiyo hulegea, na ubongo hupokea oksijeni kuliko ulivyopaswa. Mgonjwa wetu alikuwa na ubongo ambao ndio kwanza umetoka kukosa hewa.

Nilimpigia daktari wa zamu kuomba mafenaidi ioshwe kwanza. Jibu lake halikuwa la kipuuzi: sikio halifiki hata asilimia moja ya mwili, kinachoingia kwenye damu kutoka hapo ni kidogo mno, na kila dakika tunayoongea ni dakika ya kaboni monoksaidi. Kuhusu kipimo alikuwa sahihi. Kama Baba angekuwa na mafenaidi kwenye asilimia 40 ya mwili, tungezungumza lugha nyingine kabisa: kwanza vipimo vya gesi za damu, kisha kuamua kama anaingia au haingii. Nilichomwambia ni kwamba kuosha sikio ni kazi ya dakika tano, na dakika tano hizo Baba anaendelea kuvuta oksijeni tupu kwa barakoa, hivyo gesi inaendelea kutoka. Tena uso bado haujaoshwa. Akakubali. Mfamasia, aliyekuwa anasikiliza kwenye simu, akaongeza jambo ambalo sikulijua: nisiifute kavu, niilainishe kwanza kwa salaini (maji ya chumvi) ya vuguvugu, kwa sababu mafenaidi ikikauka hushikana na ngozi mbichi na utaibandua pamoja na ngozi hiyo.

Ndipo nilipokuta mawese.

Nilikuwa nimelowesha shashi, naizungusha nyuma ya sikio pale nywele zinapoanzia, ikatoka na rangi ya chungwa. Nikadhani ni dawa ya kusafishia kidonda. Nikainusa. Hakuna aliyekulia jirani na jiko la Kikongo anayeweza kukosea harufu ile. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye nywele hadi utosini na kushuka shingoni, na juu yake wodi ilikuwa imefunga bandeji safi kabisa. Nikamwendea Mama kwenye kiti cha korido. "Mama, kichwani mlimpaka kitu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama alimpa mumewe maji. "Ni mawese tu, dada. Kwetu mutu akiungua, banamupakaka mawese."

Alikuwa ameulizwa mara mbili kabla yangu, kwa Kiingereza kupitia mkalimani wa simu, kama mgonjwa ana "dawa yoyote yenye mafuta". Akajibu hapana, na hakudanganya. Mawese kwake ni chakula na ni huduma, haikuwa dawa ya kuorodheshwa. Angeulizwa amepaka nini, si kama amepaka dawa, angesema mara ya kwanza. Nilimshukuru na sikumlaumu; alifanya alichoweza gizani, mtaa mzima hauna umeme. Ila kama kichwa kile kingeingia vile kwenye silinda ya oksijeni tupu, kazi yote tuliyofanya juu ya zile dawa tatu ingekuwa bure.

Tuliosha kwa shampuu ya watoto, tukikwepa ngozi iliyoungua kwa kitambaa cha mvua. Mara ya kwanza povu likatoka la njano. Mara ya nne nilikandamiza shashi kavu kwenye nywele, nikaipeleka chini ya taa, ikawa nyeupe. Kwenye kope tukakuta marhamu ya macho, ile ya eritromaisini, nayo ni mafuta ya mgando. Ikafutwa, yakawekwa matone ya machozi bandia. Basitrasini ya usoni ikaoshwa kwa sabuni laini, na uso ukafunikwa kwa shashi ya pamba iliyoloweshwa salaini. Kuna vituo ambavyo msimamizi wa usalama wa chemba hupima hatari na kuruhusu kiasi kidogo cha marhamu chini ya kifuniko chenye unyevu. Siwapingi, hasa jeraha linapokuwa haliwezi kuguswa. Uso wa Baba uliweza kuguswa.

Mkono ndio uliobaki na dawa yake. Silva salfadiazini, iliyoletwa na Charles Fox mwaka 1968, haizuii kaboniki anhidrasi kwa kiasi cha kututisha, na krimu yake huchanganyika na maji. Lakini wenzangu, neno "krimu ya maji" lisikulaze. Soma viambato nyuma ya kopo: utakuta mafuta ya mgando humo pia, yamevunjwavunjwa na kusambazwa ndani ya maji. Kinachoifanya ikubalike ni ule unyevu, pamoja na jinsi ilivyopakwa. Tulipunguza tabaka nene tukaacha jembamba, tukafunika kwa shashi yenye unyevu, juu yake bandeji ya pamba, na hakuna krimu iliyovuka ukingo wa bandeji kugusa shuka. Ikiachwa ikauke na kujikunja pembeni, maji yameondoka na mafuta yamebaki.

Kwa msomaji aliyeko Dar au Mombasa hapa pana tofauti. Mafenaidi huenda usiione kabisa kwenye kabati lako. Utakachokiona ni silva salfadiazini na shashi ya parafini, ile ya mafuta inayong'aa kwenye pakiti, na watu huipenda kwa sababu haishikani na kidonda. Hiyo shashi ndiyo hatari ya kwanza kwako kama mgonjwa anapelekwa chemba yoyote, hata ile ya kuwatibu wapiga mbizi. Na mgonjwa wako naye ametoka nyumbani na kitu: mafuta ya nazi, samli, dawa ya meno, mafuta ya mgando. Uliza kila kimoja kwa jina lake.

Baba aliingia kama dakika 40 baada ya kutufikia. Gesi za damu yake zilionyesha asidi imezidi kiasi, na laktati, ambayo hupanda tishu zikikosa oksijeni, ilikuwa juu, hivyo tuliihesabu kuwa ya kaboni monoksaidi na wala si ya krimu ya sikio. Nilikaa kichwani pake nje ya akriliki na simu ya chemba mkononi. Shinikizo likianza kupanda masikio huziba kama kwenye ndege inayotua, na mkono aliozoea kubania pua ulikuwa bandejini. "Meza mate, Baba. Tena. Kama linauma inua mguu." Akainua mguu mara moja, fundi akasimamisha, akameza, akatikisa kichwa kwamba sawa. Kipindi cha kwanza kilifika angahewa 3. Vile viwili vilivyofuata vilikuwa vya angahewa 2. Hakupata degedege.

Swali lililobaki lilikuwa la sikio. Tumeondoa dawa inayopenya gegedu, tunaweka nini? Hapa palikuwa na mabishano ya kweli kati yetu na wodi. Wao walitaka mafenaidi irudishwe baada ya kila kipindi na kuoshwa kabla ya kinachofuata. Inawezekana, na kwa mtu atakayeingia chemba siku nyingi mfululizo huenda ndiyo njia pekee. Kwa Baba nilikuwa na wasiwasi na kule kuosha kwenyewe: kila kuosha ni kusugua ngozi nyembamba juu ya gegedu, na mafenaidi huuma ikipakwa kwenye jeraha lisilo na kina. Vipindi vilikuwa vitatu ndani ya siku moja. Tukakubaliana silva salfadiazini kwa saa hizo 24, ingawa haipenyi vizuri, halafu mafenaidi mara tu kipindi cha tatu kikiisha. Kuoza kwa gegedu ya sikio ni jambo la siku na wiki. Linaloliua sikio haraka ni kugandamizwa, kwa hiyo mto uliondolewa kabisa, akalazwa ubavu wa kushoto, na kibandiko chekundu kikawekwa juu ya kitanda: sikio la kulia lisiguswe.

Daktari kijana aliuliza kama tumwendeleze kwenye chemba kwa ajili ya majeraha yenyewe. Wazo hilo lina asili yake: mwaka 1965 Wada na wenzake huko Japani waliripoti kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe waliotibiwa kwenye chemba kwa sababu ya kaboni monoksaidi walionekana kupona haraka pia pale walipoungua. Kwa maneno mengine, wagonjwa kama Baba ndio walioanzisha mjadala. Lakini majaribio hayakukubaliana. Hart mwaka 1974, kwa wagonjwa 16, alipata siku za kupona zimepungua kutoka karibu 44 hadi karibu 20. Brannen mwaka 1997, kwa wagonjwa 125, hakuona tofauti ya vifo, idadi ya upasuaji wala siku za kulazwa. Kwa asilimia 9 ya mwili, nikipima na usumbufu wa kumwosha upya kila mara, nilisema hapana, na daktari mkuu alisema hivyo hivyo.

Fomu yetu sasa ina mistari miwili mipya. Mmoja unataka jina la kila dawa ya kupaka na saa ilipopakwa, na mafenaidi imeandikwa kwa herufi kubwa. Wa pili unamtaka muuguzi aguse nywele za mgonjwa kwa shashi nyeupe na aitazame.

Baba alirudi kliniki wiki ya tano. Ukingo wa juu wa sikio umepungua kidogo, kama ulioumwa na panya, lakini sikio lipo na umbo lake lipo. Vidole vinakunja ngumi. Anasahau maneno mara moja moja, na Mama humkumbusha. Ngozi ya mkono ilikuwa imefunga lakini inakauka na kumwasha usiku, na Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, akimwangalia daktari kwanza, kama sasa ataruhusiwa kumpaka mawese. Nikamwambia chemba imekwisha na kidonda kimefunga, ampake mafuta yasiyo na manukato mara mbili kwa siku, akisugua polepole kufuata kovu, na kama ni mawese ajue tu kwamba yatatia doa mashuka. Akacheka. Mashuka, alisema, yana madoa tangu Uvira.